Kosa Ambalo Halikuwepo

Natangaza mapema, kwa heshima zote, kwamba sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu mama mmoja nisiyemjua ahangaike siku moja, mbili zikizidi.

Mama huyo kwenye mtandao anajiita Shangazi. Ndiye anayesimamia Mkeka, lugha ya kuandikia programu za kompyuta ambayo amri zake ni maneno yetu ya kila siku: kama, rudia, panga, chapa. Mkeka haina mwenyewe. Imetengenezwa na watu tisa wa kujitolea, kila mmoja yuko kwao, na mtu yeyote anaweza kuitumia bure na kulalamika bure. Malalamiko huandikwa kwenye ukurasa wa wazi, yanapewa namba, na wale tisa huyajadili hapohapo, mbele ya kila mtu, mpaka yafungwe.

Mwezi uliopita nililalamika. Niliandika ripoti ndefu, yenye salamu, utangulizi na hitimisho. Shangazi aliifunga baada ya dakika nne. "Si kosa la lugha. Kosa ni lako, mstari wa kumi na mbili." Basi. Na Kibiriti, jirani yangu wa kitanda, alikuwa amesimama nyuma yangu. Kufikia chakula cha jioni bweni zima lilikuwa linaniita Mstari wa Kumi na Mbili. Kabla ya hapo nilikuwa naitwa Askofu, cheo nilichokipata kwa jasho.

Nikaapa kulipiza kisasi.

Ripoti yangu ya pili ilikuwa kazi ya sanaa. Nilidai kwamba amri ya panga, ile inayopanga orodha, humeza kitu kimoja. Unaipa majina 512, inakurudishia 511, wala haisemi kitu. Nilipiga picha ya skrini, nikaichezea mpaka mbili ikawa moja. Halafu nikatia kufuli: niliandika kwamba kosa hutokea kwa nadra, tena kwenye kompyuta za zamani tu, kama zile za shuleni kwetu zenye skrini za mgongo mnene. Nilijua wale tisa hawana takataka za namna hiyo. Wangenikanusha kwa lipi?

Kibiriti aliposoma alinipigia saluti.

"Askofu amerudi madarakani," alisema. "Na utawaambia lini?"

"Ijumaa. Nitaandika: Kosa ni lenu, mstari wa kumi na mbili."

"Wakikufukuza je?"

"Watamfukuza nani? Nimejiandikisha kama Mchunguzi."

Ripoti ikapewa namba 2217. Ilikuwa Jumatatu.

Chumba chetu cha kompyuta hufunguliwa saa kumi jioni na kufungwa saa kumi na moja na nusu. Mwalimu wa kompyuta hukaa mlangoni na rundo la funguo, na simu kwa mwanafunzi ni kosa kubwa kuliko wizi. Kwa hiyo saa ishirini na mbili na nusu za kila siku sikujua nini kinaendelea. Jumatatu hilo halikunisumbua.

Jumanne nilikuta majibu kumi na tisa. Nilitegemea matusi. La kwanza lilitoka kwa mtu anayejiita Fundi Saa.

"Ndugu Mchunguzi, asante kwa ripoti nzuri. Nimejaribu mara mia tatu kwenye mashine yangu, halijatokea. Hiyo haina maana kwamba halipo. Amri ya panga niliiandika upya mimi, miezi miwili iliyopita. Kama kosa lipo ni langu, na ninaomba radhi."

Mwingine alitaka warudishe panga ya zamani, yaishe. Wa tatu akamjibu kwamba kurudisha bila kujua sababu ni kuzika mtu kabla daktari hajamwangalia. Wakabishana kurasa mbili bila hata mmoja kusema neno rahisi kuliko yote: huyu anadanganya. Mwisho akaingia Shangazi.

"Hakuna kurudisha wala kufunga. Toleo jipya la Ijumaa limesimama. Ndugu Mchunguzi, tunaomba programu fupi inayoonyesha kosa, hata mistari kumi. Wewe peke yako ndiye una mashine za namna hiyo. Tunakutegemea."

Kibiriti alicheka mpaka akauma mkono wa shati. Mimi pia nilicheka, lakini cheko langu liliisha mapema.

"Wape programu yoyote," alininong'oneza.

"Nikiwapa wataona haina kitu."

"Basi waambie unaumwa."

Nikaandika kwamba naumwa. Fundi Saa akanitakia nafuu.

Jumatano nilifungua ukurasa nikakuta jina jipya: Muuguzi wa Zamu.

"Habari zenu. Mimi si mtu wa kompyuta. Nipo wodi ya watoto. Shemeji yangu alitutengenezea programu kwa Mkeka, inapanga majina ya watoto na dawa zao kwa saa. Amenitumia ripoti hii akaniambia nisome mwenyewe. Kompyuta zetu ni za msaada, za zamani, zile zenye mgongo. Ninaelewa sawa kwamba jina moja linaweza kupotea bila sisi kujua? Tumeizima tangu asubuhi. Tunaandika kwa mkono. Watoto sitini na mmoja, wauguzi wawili. Naomba mniambie ikiwa salama."

Shangazi alikuwa amemjibu: "Dada, umefanya vizuri kuizima. Usiiwashe mpaka tukuambie."

Nilisoma mara tatu. 

"Si umemuona?" nilimwambia Kibiriti. "Kuna mtu ameizima kweli."

Kibiriti hakucheka. Alitazama mlangoni, alikokaa mwalimu, kisha akasogeza kiti chake mbali na changu, kidogo tu, kiasi cha shubiri.

"Ungama leo," alisema.

"Nitaungama Ijumaa, kama nilivyopanga."

"Ijumaa ya nini tena? Mchezo si umeshaharibika?"

Alisema kweli. Lakini ukurasa ule haukuwa bweni. Walikuwa wanasoma watu wazima, na mwalimu wetu pia husoma ukurasa wa Mkeka, na picha yangu ya skrini ilionyesha kwenye kona jina la chumba chetu cha kompyuta. Nikapiga hesabu ya waoga: wauguzi wameandika kwa mkono miaka na miaka kabla ya kompyuta, siku mbili haziui mtu. Nikaufunga ukurasa.

Usinishangae kwamba usiku ule nilipata usingizi. Uoga nao huchosha.

Alhamisi saa kumi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Ujumbe wa Muuguzi ulikuwa wa saa nne asubuhi.

"Leo tumekosea kwenye karatasi. Mwenzangu aliruka alama, mtoto wa kitanda cha kumi na nne akapewa dawa ya degedege mara mbili. Amelala, hatujaweza kumwamsha. Daktari yupo naye. Silaumu mtu. Nauliza tu: bado?"

Chini yake hakukuwa na jibu la maana. Fundi Saa alikuwa ameandika, "Naendelea kutafuta, dada. Sijalala." Alikuwa anatafuta, kwenye kazi yake mwenyewe nzuri, kitu nilichokichora mimi.

Nilikaa saa nzima na nusu mbele ya kisanduku cha kuandikia. Niliandika "Mimi" nikafuta. Nikaandika "Samahani" nikafuta. Funguo zikalia mlangoni.

"Muda," alisema mwalimu. "Wewe Askofu, hata skrini inataka kupumzika."

Nikatoka. Nieleze hili bila mapambo: nilitoka, nikatembea mpaka bwaloni, nikachukua sahani na kupanga mstari pamoja na wengine. Mbele yangu kulikuwa na vijana kumi na tatu. Nilijua kwa sababu nilihesabu. Wa kumi na nne nilikuwa mimi. Hapo ndipo sahani iliponitoka mkononi ikapiga sakafu, wote wakapiga makofi kama kawaida, na mimi nikaanza kukimbia.

Nyumba za walimu haturuhusiwi kuzisogelea. Mwalimu wa kompyuta alifungua akiwa na kanga begani na mtoto wake mdogo juu ya kanga.

"Kuna moto?"

"Hapana, mwalimu. Naomba ufungue chumba cha kompyuta."

"Saa kumi na mbili na nusu hii? Una homa?"

Nikamwambia. Yote, kwa pumzi moja, pamoja na picha, kufuli, kitanda cha kumi na nne. Mtoto begani alinitazama muda wote, akinyonya kidole. Nilipomaliza, mwalimu alimkabidhi mkewe yule mtoto taratibu, akachukua funguo.

"Kesho nitakupeleka kwa mkuu wa shule," alisema tukitembea. "Hilo lijue. Leo tembea haraka."

Niliandika ungamo langu amesimama nyuma yangu, pale pale aliposimama Kibiriti. Nilisema kosa halipo, picha ni ya kuchezewa, dada muuguzi awashe programu yake. Nikaweka na picha ya asili yenye 512. Nikabonyeza, nikafumba macho, nikasubiri kupigwa.

Jibu la Shangazi lilikuja baada ya dakika nne. Huyu mama na dakika nne zake.

"Dada Muuguzi, usiwashe bado. Mchunguzi: Jumatatu ulisema kosa lipo. Leo unasema halipo. Maneno yako yote mawili sasa yana uzito uleule. Hapa ripoti haifungwi kwa kuungama, inafungwa kwa jaribio. Mashine hizo unazo kweli, au nazo umezichora?"

"Anazo," aliandika mwalimu mwenyewe, akiinama juu ya bega langu. "Ishirini na mbili. Mimi ni mwalimu wake. Tumeni jaribio."

Fundi Saa alilituma. Hakunisalimia. Ilikuwa programu fupi: tengeneza orodha, hesabu, panga, hesabu tena; zikitofautiana, simama na upige kelele. Mara laki moja kwa kila mashine. Tukaziwasha zote ishirini na mbili, chumba kikajaa mvumo na joto, namba zikaanza kupanda.

Wiki nzima nilikuwa nikiogopa kujulikana. Sasa nilijulikana, na uoga haukuondoka, ulihama tu. Maana kuna aliyejua kweli kwamba kosa halipo? Mimi nilibuni. Sikuchunguza kitu. Huenda panga ilikuwa inameza jina moja tangu miezi miwili, nami nikawa nimeotea. Nilipita kwenye mistari ya mashine nikiomba kimoyomoyo uongo wangu uwe uongo.

Mashine ya tisa ikasimama.

"Mwalimu!"

"Nimeiona. Usiguse."

Skrini ilikuwa nyeusi. Kwa muda sikusikia hata mvumo wa zile nyingine. Mwalimu alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza.

"Waya umelegea kwenye soketi," alisema. "Umeupiga teke ulipokuwa unapita na maombi yako."

Tuliandika hilo kwenye ukurasa. Fundi Saa akajibu maneno mawili: "Anzeni upya." Si zote, ya tisa tu. Nikakaa mbele yake, miguu nikiwa nimeikunja juu ya kiti.

Mwalimu alinirudisha bwenini, akabaki yeye. Asubuhi kabla ya gwaride alinifungulia. Mashine ishirini na mbili, hakuna iliyopiga kelele. Saa moja na dakika hamsini Shangazi akafunga ripoti 2217: "Haikuthibitika. Jaribio linaongezwa kwenye Mkeka na litabaki humo."

Maana yake ni kwamba kila mtu akibadilisha chochote kwenye lugha ile, kwa miaka yote ijayo, jaribio namba 2217 litaendeshwa kwanza kuangalia kama mimi bado ni mwongo. Nilimwandikia Shangazi kwa unyenyekevu kuuliza kama namba inaweza kubadilishwa. Alijibu kwamba ripoti hazifutwi. Na akaongeza: "Mwezi uliopita ungeniuliza, ningekueleza mstari wa kumi na mbili. Nilikuwa na haraka. Hilo ni langu. Mengine yote ni yako."

Nimerudishwa nyumbani wiki tatu. Kibiriti alibeba sanduku langu mpaka getini akaniita Askofu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani.

Mwalimu alikuwa amechapa ukurasa mzima wa majadiliano, karatasi thelathini na moja, akazitia kwenye bahasha kwa ajili ya baba. Jioni ile baba alimpa mama azisome kwa sauti, maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Mama alisoma vizuri. Kwenye sehemu ya Mchunguzi na picha yake alinitupia jicho ambalo siku nyingine lingekuwa la kucheka. Alipofika kwa Muuguzi wa Zamu sauti yake ilipungua. Alipofika kitanda cha kumi na nne aliziweka karatasi mezani.

"Malizia, mama watoto," alisema baba.

"Amalizie yeye."

Nikazichukua. Ilibaki karatasi moja. Juu yake Muuguzi alikuwa ameandika Ijumaa mchana kwamba mtoto amefumbua macho, amedai maji, amemsukuma daktari. Nilisoma hilo haraka, nikitumaini litatosha.

"Endelea," alisema mama.

"'Mchunguzi, una miaka mingapi?'" nilisoma. "Nikamjibu, kumi na sita."

"Akasemaje?"

"'Yeye ana minne.'"

Baba alikuwa anaangalia sakafu. Kulikuwa na mistari mitatu zaidi, ya Jumatatu, nami nilikuwa naijua kwa moyo, lakini nilishika karatasi kwa mikono miwili nikaifuata kwa macho, neno kwa neno, nisiruke hata moja.

"'Programu tumeiwasha tena. Wanasema ni salama, na ninawaamini. Lakini sasa kila asubuhi, kabla sijagusa dawa, nahesabu majina kwa kidole, kitanda kwa kitanda. Sitaweza kuacha.'"