Droo ya Kushoto

Kwii. Kisha kimya. Kisha tena kwii, safari hii polepole zaidi, kama mtu anayefunga kitu huku akikibembeleza kisiseme.

Umeme ulikuwa umekatika katikati ya chakula cha jioni, nami nilikuwa jikoni nikipapasa kabatini kutafuta kibiriti. Sauti ile niliijua. Ilikuwa droo ya cherehani yangu, ile ya kushoto, ninamoweka vipande vya kitambaa visivyofaa kitu. Miaka mitano nilikuwa nikisema kesho nitaitia mafuta. Namshukuru Mungu kwa uvivu wangu.

Niliwasha mshumaa, nikarudi mezani. Binti yangu alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, sahani yake imeng'aa.

"Nimemaliza, mama."

Alikuwa na miaka sita. Tangu siku alipozaliwa nilimwita Kifungo, kwa ule uso wake wa duara na macho mawili madogo yaliyokaa katikati, na hata leo, akiwa na miaka kumi, nyumbani haitikii jina jingine. Nilikwenda kwenye cherehani, nikavuta droo.

Mboga zilikuwa zimefungwa. Hakuzitupa ovyo. Kila tonge la majani lilikuwa na kitambaa chake, pembe nne zimekunjwa ndani, vile vile nilivyomfundisha kukunja leso. Za chini zilikuwa zimekauka kama tumbaku. Za kati zilikuwa na ukungu. Za juu zilikuwa bado za moto.

"Tangu lini?"

Akatazama mshumaa.

"Kifungo, nakuuliza. Tangu lini?"

"Tangu zamani," akasema.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimegombana kliniki. Muuguzi alimchoma Kifungo kidole, akasubiri kimashine chake kiseme, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Damu ni nane. Mara iliyopita ilikuwa tisa. Huyu mtoto anakula nini?"

"Wali. Viazi. Maziwa. Na mboga za majani kila siku ya Mungu."

"Anazila?"

"Anazimaliza! Sahani inarudi haina kitu. Au unaniita mwongo, dada?"

"Sijakuita mwongo, mama. Ila mimi sipimi sahani." Akaandika, akanipa chupa ya dawa. "Mrudishe baada ya mwezi. Ikishuka tena tunamlaza, tumwongezee damu. Sikutishi, nakuambia tu ujue."

Nilitoka pale nimevimba. Kila aliyekuwa kwenye foleni alisikia, hata ambaye hakuuliza, kwamba siku hizi wauguzi wanajifanya wanazijua nyumba za watu kuliko wenye nyumba. Bibi mmoja alinisogezea kiti nikae nipoe. Sikukaa.

Basi sasa nimesimama mbele ya droo, na kila neno nililolitema asubuhi linanirudia usoni. Nilifanya jambo ambalo hata leo nikiliandika mkono unakuwa mzito. Nilichota mboga zilizobaki sufuriani, nikamshika mwanangu mashavu, nikamsukumia tonge mdomoni.

"Meza!"

Alimeza. Kisha akatapika, juu ya mashati manne ya shule niliyokuwa nimemaliza kuwashonea wateja mchana, yenye kola zilizopigwa pasi.

Nilimwosha uso, nikamlaza, nikayafua yale mashati kwa mwanga wa mshumaa. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani. Baba yake, dereva wa malori anayerudi Jumapili na biskuti, nilimpigia simu anitulize.

"Muache mtoto, atakua tu," akasema. "Mimi mwenyewe nimekulia mkate na chai."

"Na meno yako je?"

Akakata simu. Akapiga tena akicheka, mimi nikakata.

Ndipo nikafanya kosa la pili. Nikampigia shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea, na sheria yake ilikuwa moja: sahani haiondoki mezani na kitu. Mboga alizichemsha mara mbili. Maji ya kwanza aliyamwaga kuondoa ubichi. Ya pili aliyamwaga pia, sijui kuondoa nini. Kilichobaki kilikuwa na rangi ya sare ya shule iliyofuliwa miaka mitatu, na ladha ya sare hiyo hiyo. Usipomaliza mchana, sahani inakungoja jioni. Usipomaliza jioni, mnaamka nayo. Nilikuwa na miaka tisa nilipoapa, shavu langu likiwa juu ya mbao za meza, kwamba nikiwa mtu mzima sitatia jani mdomoni. Nimevunja ahadi nyingi maishani. Hiyo niliitunza.

Ila binti yangu nilimpikia. Nilimpikia mara mbili, maji yote kwenye sinki, kwa kuwa ndivyo mkono ulivyozoea. Mimi mwenyewe nilikula wali na mchuzi nikiwa nimesimama dirishani, daftari la shule ya jioni mkononi. Kifungo akiniuliza mboga zangu ziko wapi, namwambia nitakula baadaye.

Shangazi aliwasili na begi moja na mto wake. Alimtazama Kifungo kope za chini, akatikisa kichwa.

"Niachie," akasema. "Wewe nenda shule yako."

Nikamwachia. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nahesabu siku. Nilipopata mimba niliacha masomo, na sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilikuwa nakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao, nikijaribu kuyamaliza. Ijumaa ya wiki hiyo mwalimu alirudisha mitihani ya biolojia. Nilipata kumi na nane kwa ishirini. Akanisimamisha mbele ya darasa, akasoma jibu langu kwa sauti: "Mboga za majani zisichemshwe kwa muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe, kwa sababu vitamini huyeyuka humo."

"Mwanawe huyu," akasema, "ana bahati."

Wakanipigia makofi. Fundi bomba anayekaa nyuma yangu akasema tuhamie kwangu sote kwa chakula. Nilicheka nao. Nilitoka na karatasi ile mfukoni, na kabla sijafika kona ya kwanza ilikuwa inanichoma kama pasi. Niliyaandika kwa mkono wangu. Mkono huo huo siku chache kabla uliinamisha sufuria kwenye sinki.

Nilipofungua mlango, Kifungo alikuwa amelala mezani. Shavu juu ya mbao. Sahani mbele ya pua yake, mboga zimepoa na kutoa maji ya kijivu. Upande wa pili shangazi amekaa, mikono kifuani, akimlinda kama polisi.

"Mwamshe akalale," nikasema.

"Hajamaliza."

"Shangazi, mwamshe."

"Unanipandishia sauti? Mimi? Nimekulea kwa mboga hizi hizi. Ulikufa?"

"Sikufa! Ila tangu nitoke nyumbani kwako sijala jani. Hata moja. Miaka kumi na miwili!"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia nimeiba.

"Hata moja?"

"Hata moja. Nikizinusa tu, narudi kwenye ile meza yako. Nakumbuka nzi wa asubuhi kwenye ile sahani. Nakumbuka ulivyokuwa unaifunika na kuifunua kama dawa. Wewe ulikuwa unazipenda, ukadhani kila koo ni koo lako!"

Sikuwahi kumjibu shangazi hivyo. Nilitaka anipige kofi, ili nipate sababu ya kuendelea.

Hakunipiga. Alikunjua mikono, akaiweka mezani.

"Nani alikuambia nazipenda?"

"Nini?"

"Nani alikuambia mimi nazipenda? Nilikuwa nakupikia nimeziba pua na kitambaa. Mama yangu alinilisha hizo hizo, maji mara mbili. Wewe ulishawahi kuniona nazila?"

Nilifikiri. Nilimwona jikoni kwake, miaka yote ile, mgongo kwetu, amesimama karibu na jiko na bakuli lake, akisema atakula zake baadaye.

Kwenye meza, bila kufungua macho, Kifungo akasema, "Kumbe hata Bibi?"

Nilitaka kucheka na kicheko hakikutoka. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa haikuwa na wa kumrukia. Wanawake watatu mezani, hakuna anayezitaka, na wawili wakubwa wamemkalia mdogo.

Nikaichukua ile sahani, nikaimwaga kwenye ndoo ya taka. Shangazi alishtuka kama nimevunja kioo.

"Kesho sahani tatu," nikasema. "Tunakaa chini wote."

"Mimi, na umri huu?"

"Wewe, na umri huo."

Kesho yake nilipika nikisoma daftari, kama ninavyosoma vipimo vya nguo ya mteja mgumu. Kitunguu, mafuta kidogo, nyanya. Majani mwisho, yamekatwa membamba. Dakika tatu, nikazima jiko. Nikakamulia limau, maana mwalimu alisema limau husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Majani yalibaki na kijani chake, kijani cha kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa. Shangazi alisimama nyuma yangu akihema.

"Hizo mbichi. Tutaumwa matumbo, nakuambia."

"Tutaumwa pamoja."

Tukakaa. Tukatia mdomoni kwa pamoja, kama watu wanaorukia maji baridi. Na sote watatu, kwa wakati mmoja, tukasikia krrr kwenye meno.

Mchanga. Nilikuwa nimesuuza mara moja tu, kama nilivyozoea. Kumbe yale maji mawili tuliyoyamwaga vizazi vyote vile ndiyo yaliyokuwa yakitutolea mchanga.

"Si nilikuambia yanaondoa kitu," shangazi akasema, akatema kwenye kiganja.

Kifungo akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika tumbo, mtoto yule aliyekuwa hana damu ya kumpandisha ngazi, na mimi nikajikasirikia hata kwa hilo: kwamba nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Sitasema zilitupendeza haraka. Mara ya pili zilizidi chumvi. Mara ya tatu shangazi alikula akisoma dua. Nilimpa Kifungo kazi ya kusuuza, maji matatu, na alisuuza kwa ukali wa mkaguzi, akipitisha kila jani mwangani. Karoti alizikata mwenyewe kwa kisu kisicho na makali, akazitoboa matundu mawili mawili kwa uma ziwe vifungo, akatugawia sawasawa kwa wivu wa mfanyabiashara. Maharage, aliyokuwa akiyaita mende, niliyaponda na kitunguu yakapoteza sura, akayala. Maziwa nikayapunguza, maana yakizidi huzuia madini ya chuma, mayai nikayaongeza. Kilichonishangaza ni siku moja nilipoonja kutoka sufuriani kabla ya kuita watu. Nikaonja tena. Nikasimama na kijiko mkononi, nikakasirika upya: miaka kumi na miwili, na hivi ndivyo zilivyokuwa siku zote, dakika tatu kutoka mdomoni mwangu.

Mwezi ulipotimia tulirudi kliniki. Muuguzi akachoma kidole, akasubiri. Nilitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya mtoto mnene aliyeshika nyanya, na nilimchukia mtoto yule kwa roho yote.

"Tisa na nusu."

Sikuelewa kama ni kupanda au kushuka. Kichwa kilikuwa kimesimama.

"Imepanda, mama. Bado hatujafika tunakotaka, endelea na dawa. Lakini hatumlazi." Akanitazama juu ya ile miwani. "Umebadilisha nini?"

"Tunakaa," nikasema. "Siku hizi tunakaa chini." Kisha nikameza mate, na yalipita kwa shida kuliko mboga yoyote. "Siku ile, dada, nilikosea. Sahani ilikuwa inanidanganya."

"Sahani zote zinadanganya," akasema, akaita mwingine.

Jioni ile nilipika kwa shangwe, na shangwe ikaniharibia mkono. Nilikamua limau zima mahali pa nusu. Shangazi alikula macho yamekunjamana, akasema leo umetupikia sabuni ya kunukia. Mimi nilikula kiasi, nikazisukuma zilizobaki pembeni, chini ya uma, bila hata kujua nafanya hivyo. Nikasimama, nikakusanya sahani. Ya shangazi. Yangu juu yake.

Mkono mdogo ukashika ukingo wa sahani yangu. Kifungo hakuwa amekasirika. Alikuwa na ule uso wake wa duara, macho mawili katikati, na sahani yake mwenyewe ameiinamisha nione hadi chini.

"Mama," akasema, "zangu zimeisha, zako bado."