Kamera Sebuleni

Wewe umewahi kukaa kwenye nyumba yenye madirisha makubwa, mchana kweupe, ukapapasa ukuta kutafuta swichi ya taa? Sisi tulikaa hivyo. Mapazia yalibanwa kwa pini katikati ili yasiachane, na ukitaka kujua kama jua limetoka unatazama mstari mwembamba pale upindo usipogusa sakafu. Nje ya geti walikuwepo watu wa kamera. Walikuja na viti vyao vya kukunja na chupa zao za chai, wakapiga soga kama wako harusini. Geti likilia tu, wote wima.

Hawakumtaka mwanangu, ingawa yeye ndiye waziri. Walimtaka binti yake, mjukuu wangu, wakati huo hata ujana haujamkaa sawasawa. Leo ni mtu mzima ana kazi yake, na nimemwomba ruhusa kabla ya kufungua mdomo.

Mtoto yule alikuwa na kigugumizi tangu aanze kusema. Nyumbani halikuwa jambo. Akiongea unaendelea na shughuli zako, humtolei macho wala humsaidii, na neno likifika limefika. Mimi nilikuwa nikimtania, “Mke mwenzangu, hilo neno limekwenda kuoga?” Naye hucheka, na katika kucheka linamtoka lenyewe.

Ndipo shuleni kwao akasimama kusoma shairi mbele ya wazazi. Akakwama kwenye mstari wa kwanza, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, na mtu asiyejulikana akamrekodi. Video ikapita simu hadi simu. Chini yake wakaandika: baba maneno tele, mtoto hana hata moja.

Tangu hapo hakwenda shule. Alishinda akitembea koridoni, kutoka mlango wa jikoni hadi wa bafuni, akiburuza kidole ukutani mpaka rangi ikashika mfuo. Na aliacha kusema. Hata mimi alinijibu kwa kichwa. Nikimtania ananitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Mwanangu alikuwa na msaidizi wake wa habari, kijana mtanashati tuliyempa jina la Bwana Picha, maana hakuingia chumbani bila kumwambia mtu asogee penye mwanga. Asubuhi moja akanifuata jikoni.

“Mama, dawa ya video ni video. Watu wakimwona amekaa na baba yake, anatabasamu, anasema anaendelea vizuri, wale wa getini hawana tena cha kuuza.”

“Umemuuliza mwenyewe?”

“Ni mtoto, Mama.”

“Basi muulize kitoto.”

Akacheka, akamgeukia mwanangu aliyesimama mlangoni akifunga tai. Yule nimemnyonyesha mimi. Najua sura yake anapotaka mtu mwingine amkatalie jambo kwa niaba yake. Lakini uchaguzi ulikuwa umekaribia, na mkewe yuko safarini kikazi.

“Ni dakika chache tu, mama,” akasema, macho kwenye vigae.

Wakaingizwa kwa mlango wa jikoni, mtangazaji na mpiga picha. Wakasukuma makochi. Wakateremsha picha ya marehemu mume wangu kwa kuwa kioo chake kilirudisha mwanga. Taa zao zilitoa joto kama la pasi. Mtoto akavalishwa gauni la njano, akaketishwa kati yangu na baba yake, waya wa maikrofoni ukapitishwa chini ya kola. Alikalia viganja vyake. Bega lake lilikuwa limeegemea langu.

“Haya, kipenzi,” mtangazaji akaanza kwa sauti ya asali. “Ungependa kuwaambia nini wale waliokuona kwenye ile video?”

“Na... na...”

“Nawashukuru,” Bwana Picha akanong'ona nyuma ya kamera.

Mtoto akatikisa kichwa. “Na... na...”

“Anasema anaendelea vizuri,” baba yake akamalizia, tabasamu lote kwa kamera.

Mtoto akafumba macho. Nilishamwona akihangaika na neno mara nyingi, lakini sikuwahi kumwona akiliacha. Nikaona kabisa linavyorudi chini, na yeye analifuata.

Nikapitisha mkono nyuma ya mgongo wake, nikamshika mwanangu bega. Sikumwita Mheshimiwa.

“Wewe, nyamaza. Nyamazeni nyote. Neno ni lake.”

Mtangazaji alitazama saa yake. Bwana Picha alinionyesha ishara za mkono ambazo mpaka leo sijui maana yake. Mwanangu alifungua mdomo, nikambana bega, akaufunga. Huko getini mtu alicheka kwa nguvu, kisha kukatulia, na kilichosikika ni zile taa tu zikivuma. Jasho lilimteremka mwanangu toka kwenye nywele hadi kwenye kola, asilifute. Polepole akaacha kuitazama kamera. Akamtazama mwanawe.

Mtoto akafumbua macho.

“Na... nataka waondoke, baba,” akasema. “Na wewe ubaki.”