Kadi ya Pole Isiyo na Tarehe

Siku mkewe alipotimiza miaka sitini na sita, fundi viatu alikuwa kibarazani akigongomea kisigino cha kiatu cha mwalimu wa jirani, misumari mitatu mdomoni, simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya kadi za mtandaoni: *Una kadi kutoka kwa mwanao. Bonyeza hapa kuifungua.* Akabonyeza kwa kidole chenye gundi. Mwanawe akaingia mlangoni.

Hawakuwa wameonana miaka minane. Alivaa shati jeupe, nywele zimechongwa vizuri, na alipogeuka ubavu hakuwa mnene kuliko bahasha. Akapita moja kwa moja hadi chumbani kwa mama yake, ambaye hakuwa ametoka kitandani tangu nyonga ilipovunjika.

"Heri ya siku ya kuzaliwa, Mama. Nakukumbuka daima. Uwe na siku njema."

Kisha akakaa kwenye kiti, akatabasamu.

"Umekonda," mama yake akamwambia. "Huko hawakupikii?"

Hakujibu. Akaulizwa habari za kazi, akaulizwa wajukuu wanasoma darasa la ngapi. Tabasamu halikuongezeka wala kupungua. Fundi, kwa mazoea ya kazi, akamtazama viatu. Soli zilikuwa kama zilivyotoka kiwandani. Hazikuwa zimekanyaga hata vumbi la uani. Saa kumi na mbili jioni mwana alisimama, akajikunja kiunoni, magotini, kifuani, mpaka akabaki saizi ya daftari. Fundi akamtia kwenye boksi la viatu, asije akaliwa na panya.

"Afadhali amekuja," mkewe akasema.

"Hakuja. Ametumwa."

"Wewe nawe! Wanasema asiye na mwana aeleke jiwe. Wangu mimi angalau anatabasamu."

Mwaka mpya akaja mwingine. Jirani yao msusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, alichungulia dirishani akasema dada yake huletewa anayeimba. "Lakini anaimba huyo, mpaka unatamani saa kumi na mbili ifike."

Siku ya kukumbuka ndoa yao akaja wa tatu. Kufikia hapo miguu ya mama ilikuwa imevimba, na daktari alikuwa amesema moyo umechoka. Mama alinyoosha mkono kumshika mwanawe. Ukingo wa kiganja ukamkata kidole.

"Si kitu," akasema, akikinyonya. "Ni ncha tu."

Fundi akatoka nje, akapiga simu huduma kwa wateja.

"Mwanangu ameletwa hana mkono wa kushikika," akaeleza. "Mama yake amekatwa kidole."

"Pole sana, mzee. Subiri niangalie." Sauti ilikuwa ya binti mpole aliyechoka. "Mwanao alichagua kifurushi cha Salamu. Kushikana mikono kuko kwenye kifurushi cha Upendo. Anayeweza kubadilisha ni mwenye akaunti tu."

"Na kuongea? Mama yake anamuuliza mambo."

"Kujibu maswali bado hatujaanza, mzee. Wateja wengi wanaliomba hilo."

"Ameagiza ngapi?"

"Aliagiza zote siku moja, mchana, muda wa chakula. Za mama za kuzaliwa kumi, zako kumi, za ndoa kumi, za mwaka mpya kumi. Na ya pole moja."

"Pole ya nini?"

"Hiyo haina tarehe, mzee. Itatoka itakapohitajika."

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwako."

Fundi akashukuru, kama alivyolelewa, akakata. Ukaja ujumbe wa kumtaka aitathmini huduma kwa nyota. Akaweka moja. Simu ikamjibu: *Asante! Tumefurahi kwamba umefurahi.*

Akampigia mwanawe, hakupokea. Basi akafanya kama vijana wanavyofanya: akaingia kwenye mtandao wa kampuni ileile, akachagua mwaliko wenye maua pembeni, akaandika, *Njoo umwone mama yako.* Baada ya siku mbili jibu likaja: *Mgeni wako amejibu: Labda.*

Hakutaka kumwonyesha mkewe, lakini mke wa ndoa ya miaka arobaini hafichwi simu.

"Labda si hapana," mama akasema. Akaomba simu iwekwe kando ya mto wa kulalia, akaagiza shuka zibadilishwe, na kila pikipiki ilipopunguza mwendo nje aliinua kichwa.

Alikufa asubuhi ya Alhamisi, chai yake ikiwa bado inatoa mvuke. Fundi alikuwa akimfumba macho simu ilipolia pale kando ya mto wake. Hakuibonyeza. Kadi ilifunguka yenyewe. Mwana akaingia akiwa na suti nyeusi.

"Pole sana, Baba. Tuko pamoja katika kipindi hiki kigumu. Apumzike kwa amani."

Redio alimwona akipita dirishani, akajua kuna msiba, akaanza kulia kabla hajaambiwa.

Alasiri hiyo makaburini walimpa mwana pembe ya mbele ya jeneza, maana hapo ndipo mahali pake. Jeneza likainama upande huo, mwalimu akaingiza bega lake chini bila kusema neno. Yakaanza manyunyu. Suti ikachuja. Waombolezaji waliompa mkono wa pole walifuta weusi kwenye leso zao, wakasema amefanana mno na marehemu. Fundi akavua koti lake, akamfunika mwanawe, yeye akalowa.

Jioni, watu walipokwisha kuaga, mwana mwenyewe akapiga simu.

"Baba, kadi imefika?"

"Imefika."

"Na suti nyeusi? Niliwasisitizia nyeusi."

"Nyeusi."

"Afadhali. Nilikuwa na wasiwasi na wale watu." Nyuma yake watu walikuwa wakijadiliana jambo, viti vikiburutwa.

"Mwanangu, na yangu je? Pole yangu mimi umeagiza?"

"Baba, usiseme hivyo."

"Nauliza tu."

"Nilijaribu," mwana akasema. "Mfumo ulikataa. Unadai jina la mpokeaji, na ukishaondoka wewe, hapo nyumbani hayupo wa kupokea."

Fundi akafikiri. "Kweli," akasema. "Hayupo."

"Basi, Baba, wananisubiri."

Ndani, kadi ilishindwa kujikunja kwa sababu ya maji. Ilisimama katikati ya chumba, imevimba, uso umefutika nusu. Fundi akaibeba kwa mikono miwili isipasuke, akailaza chali kitandani, upande wa mkewe. Akaweka nyundo kwenye pembe moja na koleo kwenye nyingine ili isijikunje vibaya. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, nguo zikimgandama mwilini, akangoja mtoto akauke.