Chini ya Samaki wa Gedge

“Tangu Jumatano ya Majivu,” Humfrey Tolley aliwatangazia wanywaji wa Marlthorpe, kikombe mkononi, “kipande cha nyama hakijapita kooni humu. Hata ndotoni nakula samaki.”

Lawrence Gedge, muuza samaki wa chumvi, alipaliwa na bia, ikabidi wenzake wampige mgongoni. Humfrey alikuwa askari wa kijiji, na Kwaresima hiyo, kama kila Kwaresima katika enzi ya Mfalme Henry, kazi yake ilikuwa kuwafunga miguu kwenye mkatale wale walioshindwa kuvumilia bila nyama. Aliifanya kwa moyo mkunjufu, hasa aliyefungwa akiwa mtu wa kujidai.

Kikombe hakijaisha, watu wakaja mbio. Ambrose Pyke, mwenye kinu cha maji, alikuwa ameopolewa chini ya gurudumu la kinu chake, fuvu limepasuliwa. Nguo za marehemu zilikuwa bado zinachuruzika maji na kijiji kizima kilishampata muuaji: Wystan, mtoto wa dada yake Humfrey, aliyemtwanga Pyke ngumi sokoni kwa kumchanganyia chokaa kwenye unga.

Walimbeba marehemu kwa machela hadi kwenye baraza ya kanisa, wakamleta Wystan amguse, kama ilivyo ada. Maana damu ya aliyeuawa humtambua aliyemuua, ikatoka akiguswa naye. Kijana akaweka kiganja kifuani pa Pyke. Uzi mwembamba wa damu ukatoka sikioni mwa maiti.

“Basi,” Gedge akasema. “Pyke mwenyewe ameshatoa ushahidi. Tutafute kamba.”

“Mjomba,” Wystan alisema, uso mweupe kuliko unga wa Pyke, “naapa kwa kaburi la mama, sikumgusa. Yaani, nilimgusa sokoni. Pua tu.”

“Nyamaza, mpwa wangu. Ukiendelea kujitetea hivyo utanyongwa kabla ya chakula cha mchana.”

Humfrey alikuwa ameona walichokosa kuona wengine. Wachukuzi walikuwa wamechoka, na pale pale Wystan aliponyoosha mkono, upande mmoja wa machela uliwaponyoka ukainama. Mtungi ukiinamishwa humwaga. Lakini nani angemsikiliza, na watu wameshaona damu kwa macho yao? Kesho yake asubuhi angefika mchunguzi wa vifo wa Mfalme. Asipokabidhiwa mtu mwingine, angeondoka na Wystan, na Wystan asingerudi. Dada yake alikuwa amekufa akimwachia mtoto huyo mmoja tu. Humfrey akakunja mikono ya shati. Mtoto wa dada yake hatanyongwa kwa sababu ya machela iliyoinama.

Aliwangoja watu watawanyike, akaanza kukunjua ngumi ya marehemu, kidole baada ya kidole. Ndani yake palikuwa na kipande cha ngozi ya nguruwe kilichochanika, mafuta yamekiganda. Akakinusa. Moshi wa mti wa tufaha, na nyuma yake uchungu fulani wa matunda ya porini. Mate yakamjaa mdomoni, mbele ya maiti, mlangoni pa kanisa, katikati ya Kwaresima.

Aliujua moshi ule. Angeweza kukutajia pipa ulikotoka. Ila askari anayejua mambo ya namna hiyo ataulizwa ameyajulia wapi. Akakifunga kipande kwenye kitambaa. Hilo la kuulizwa angelishughulikia likifika.

Mchunguzi wa vifo alikuwa mzee mkavu mwenye mafua. Gedge aliapa mbele yake, mkono juu ya Injili, kwamba yeye huuza samaki tu, na kwamba Pyke hakuwahi kukanyaga ghala lake. Ndipo Humfrey akaja akibiringisha pipa la samaki kutoka ghala hilohilo.

“La nini hilo?” mchunguzi akauliza. “Nimekuja kwa ajili ya maiti, si kitoweo.”

“Kitoweo ndicho kilichomfikisha alipo, Mheshimiwa.”

“Humfrey,” Gedge akacheka, ingawa midomo ilikuwa imekauka, “ukimwaga samaki wangu utawaokota kwa meno.”

Humfrey hakumwaga hata mmoja. Alizamisha mkono hadi kwapani na kuibuka na paja zima la nguruwe. Nusu ya wazee wa kijiji waliokuja kusikiliza wakaanza kuvitazama viatu vyao. Karibu na mfupa, ngozi ilikuwa imenyofolewa. Humfrey akapachika kile kipande cha mkononi mwa Pyke. Kikaingia kama kifungo kwenye tundu lake.

“Pyke alilishika akitaka kukushtaki nalo kwa padri,” alimwambia Gedge. “Ukamnyang’anya, ukampiga. Halafu ukalirudisha pipani, maana paja zuri hivi nani angelitupa?”

“Nimewekewa!” Gedge akageuka. “Thomasin, mke wangu, waambie. Juzi jioni si nililala mapema?”

Thomasin Gedge alijifuta mikono kwenye aproni bila haraka. Alimtazama Wystan na pingu zake, kisha mumewe.

“Ulirudi umelowa hadi kiunoni,” alisema. “Ukaniambia umeteleza. Soksi zako bado ziko kambani, zina magugu ya kinu.”

Gedge akakaa chini palepale. Pingu zikahama mikono. Humfrey akamshika Wystan begani, wakaanza kuondoka kimya kimya.

“Bwana Tolley.” Mchunguzi alipenga kamasi kwanza. “Ghalani mna mapipa mangapi?”

“Tele, Mheshimiwa.”

“Ukachagua hili. Ukazamisha mkono bila hata kupapasa. Ulijuaje?”

“Ni uzoefu tu, Mheshimiwa. Uzoefu wa kazi.”

“Uzoefu anao,” Thomasin akadakia. “Jumapili alikaa jikoni kwangu akamaliza sahani nzima ya nguruwe, akalamba na kisu. Halafu akalalamika chumvi imezidi.”