Mahindi Kwenye Theluji

Watu wa huku wananiita mpole. Kanisani husema ukitaka kujifunza subira nenda kwa Lempi Kangas: amezika mume, amelea watoto wanne, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Zamani nilifurahi kuambiwa hivyo. Sasa nikilisikia neno hilo natamani kumrushia mtu kikombe, kwa sababu subira yangu ndiyo iliyoua kulungu tisa Februari iliyopita, ikisaidiana na kiburi cha mwanangu Reino.

Mambo yalianzia Novemba. Reino alikaa kwenye dungu la marehemu baba yake siku zote kumi na sita za msimu wa kuwinda kulungu, akateremka mikono mitupu. Mjini, mbele ya duka la vifaa, kuna gogo refu lililolazwa juu ya nguzo mbili, na kila anayeua dume hulitundika pale ili wapitao waone. Mwaka ule gogo lilikuwa linapinda kwa madume ya watu. Waino, mwenzake Reino wa kiwanda cha mbao, alitundika dume lenye pembe za ncha kumi. Halafu pembeni yake akatundika panya kwa uzi, na kikaratasi: Reino Kangas, wakia mbili. Mji mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Reino hakucheka.

Basi akaingia kwenye baridi na jambo moja tu kichwani, nalo ni Novemba ijayo. Si vibaya. Kwetu msimu ukiisha ndipo kazi inapoanza. Utapita msituni kuokota pembe zilizodondoka, ujue ni dume gani limevuka baridi. Utapogoa mitufaa. Utafyeka matawi yanayoziba shabaha, utabadilisha ngazi iliyooza. Mume wangu Urho alikuwa akisema kulungu wa Novemba huwindwa Machi, kwa shoka. Risasi ni ya kumalizia tu. Nami nimewinda naye miaka thelathini na minne, kwa bunduki yangu mwenyewe, kwa hiyo nalijua ninalolisema.

Theluji ya mwaka huo ilikuja kutoka ziwani kama iliyokuwa na kisasi. Kufikia katikati ya Januari uzio wangu haukuonekana tena. Theluji ikiwa ya namna hiyo kulungu huacha vilima, huja kubanana kwenye kinamasi cha mierezi nyuma ya nyumba yangu, kwa sababu miti ile imefunga na chini yake theluji ni pungufu. Wanakanyaga njia zao, wanakula majani ya mwerezi wanayoyafikia. Yakiisha ya chini wanasimama kwa miguu ya nyuma. Yakiisha hayo nayo, wanasimama tu, wanatazama juu.

Hapo ndipo mtu huwasaidia, na njia ni moja. Urho na mimi tulikuwa tunaingia na shoka na msumeno wa mashine, tunaangusha mierezi michache ili vilele vyake vilale chini, kulungu wavifikie. Siku nzima ya jasho kwa ajili ya matawi. Ndivyo tulivyofanya kila mwaka mbaya, na ndivyo nilivyokuwa namngojea Reino afanye.

Reino akaja na magunia ya mahindi.

Niliyaona kwenye gari lake Jumamosi, magunia kumi na moja, alipokuja na Verna mkewe kunywa kahawa. Waino alikuwa pamoja nao, maana mzaha wa panya ulikwisha kusamehewa na sasa walikuwa washirika. Reino alieleza mpango wake huku akitafuna mkate wangu wa iliki. Alikuwa amesoma kwenye jarida kwamba dume likila vizuri wakati wa baridi huota pembe nene wakati wa kiangazi. Watamwaga mahindi kinamasini kwa pikipiki ya theluji, Jumamosi hii na kila Jumamosi inayofuata, na Novemba watu wataona.

Nikamwambia hapana. Nilimweleza kwa upole, ndilo kosa langu. Nikamweleza habari za mwaka ule mama yangu alipofariki, nikatolewa darasa la tatu kwenda kupika na baba kwenye kambi ya wakata magogo. Farasi wa kambi walikuwa wakimwaga shayiri, kulungu wenye njaa wakaja kuila, na kesho yake tukawakuta wamelala zizini, matumbo yamekaza kama ngoma. Baba alipasua mmoja akanionyesha. Akaniambia tumbo la kulungu, baridi ikiingia, hujifunza kusaga vijiti na majani makavu, na likishajifunza hilo haliwezi kitu kingine. Ukilitia nafaka kwa ghafla linachacha, na mnyama anakufa ameshiba.

"Mama, chakula ni chakula," Reino akasema. "Mtu mwenye njaa ukimpa mkate, atakufa?"

Verna akacheka, akamwambia mumewe aniache, kwani mimi ndiye daktari wao wa mifugo, nimehitimu darasa la tatu. Waino akaniomba nimpime na yeye tumbo, lina mkate mwingi. Wakacheka wote watatu mezani pangu.

Nami nilifanya nini? Nikawaongezea kahawa.

Shamba lile ni langu. Jina langu ndilo lililo kwenye hati, Urho alihakikisha. Ningesimama mlangoni nikasema gari hilo haliingii, lisingeingia. Lakini nikajiambia Reino ni mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, usimwaibishe mbele ya mwenzake, mvumilie, ataona mwenyewe. Nikasikia pikipiki ikinguruma kuelekea kinamasini, nikaosha vikombe.

Jumapili nilikwenda kanisani. Jumatatu nilifuma soksi. Jumatatu hiyohiyo jioni niliona kunguru wengi mno wakishuka kwenye mierezi, na bado nikafuma.

Jumanne asubuhi nikavaa viatu vyangu vya theluji, vile vipana vya kusukwa, nikachukua mkokoteni wa kuburura ambao Urho alikuwa akiutumia kwa kuni, nikaingia.

Wa kwanza alikuwa amelala pembeni mwa rundo la mahindi, midomo yake bado imo ndani ya punje. Wa pili na wa tatu walikuwa wamejaribu kwenda, wakafika hatua chache. Nilizunguka marundo yote. Tisa. Saba kati yao majike. Hawakuwa hata wamekonda sana. Wangeweza kuifikia Aprili kwa matawi kidogo tu. Na kati ya mierezi walisimama wengine, labda ishirini, wanayatazama mahindi, wanangoja mimi niondoke.

Nimemzika mume bila kupiga kelele. Siku ile nilipiga. Niliwakimbilia wale kulungu nikipunga mikono, kikongwe wa miaka sabini na mbili, nawafukuza kwenye chakula huku nikiwatukana, na matusi yenyewe sikujua kama yalikuwa yao, ya Reino au yangu. Wakarudi nyuma hatua kumi wakasimama tena. Njaa haiogopi kikongwe.

Nikampandisha jike mmoja mdogo kwenye mkokoteni, nikamburura hadi nyumbani. Ilinichukua hadi saa sita mchana. Kisha nikampigia Reino simu kiwandani, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu alipoanza kazi, nikamwambia aje sasa hivi na amlete Waino. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikakata simu.

Walipoingia walimkuta jike mezani. Meza ileile. Sikutandika hata gazeti.

Nikamwambia Reino avue glavu. Nikapasua tumbo kwa kisu cha Urho, na harufu iliyotoka ilikuwa kali, ya kitu kilichochacha, Waino akageukia dirisha. Nikamwambia Reino atie mkono. Akasema anaona, Mama, haina haja. Nikamwambia sikukuuliza unaona nini.

Akatia mkono. Ukatoka umejaa punje, nzimanzima, za manjano, safi kama zilivyotoka guniani.

"Nilitaka kuwasaidia," akasema.

"Ulitaka pembe."

"Mama, nilitaka waishi."

"Ulitaka waishi mpaka Novemba. Endelea kupasua, hapo chini. Kuna kingine cha kuona."

Hakutaka. Nikapasua mimi. Walikuwemo watoto wawili, hawajazaliwa, kila mmoja anaenea kwenye kiganja changu, kwato zao laini kama nta. Nikawaweka mbele yake na kumwambia ahesabu mwenyewe, majike saba, kila mmoja na wawili, ajue Novemba yake ameiua mara ngapi. Waino alianza kusema kwamba hakuna aliyejua. Nikamwambia aliyejua alikuwa amekaa pale, karibu na birika, nyinyi mkamwomba awapime matumbo. Ni mtu mzuri Waino, ila mdomo wake hutangulia.

Halafu nikageuka nikamwambia Reino lile lililokuwa likinikaba tangu asubuhi. Nikamwambia wewe umewaua kwa kutojua, na huko ndiko kuna nafuu. Mimi nilijua, nikakaa nikafuma soksi. Alinitazama kama hanifahamu. Nadhani hakuwa ananifahamu; alikuwa amezoea yule mwingine, anayeongeza kahawa.

Tulirudi kinamasini sote watatu, na makoleo na ndoo. Mahindi yalikuwa yamezama kwenye theluji, hivyo tuliibeba theluji yenyewe, ndoo kwa ndoo, hadi kwenye mkokoteni. Nilikuwa nyuma yao nikionyesha kwa fimbo kila punje iliyobaki. Waino alisema punje moja haiwezi kuua kulungu. Nikamwambia aiokote basi, kama ni moja haitamchosha.

Tulipomaliza Reino akawasha msumeno wa mashine aangushe mwerezi wa kwanza. Na hapo likatokea jambo linalonitia hasira mpaka leo kuliko maiti zote tisa. Badala ya kukimbia, kulungu walikuja. Kelele ile wanaijua. Kwa miaka mingi imekuwa na maana kwamba Urho amefika na matawi yanashuka. Walikuja wakasimama umbali wa hatua ishirini, wana njaa, wametulia, wanangoja mti uanguke. Walituamini. Reino aliuzima msumeno akasimama akiwatazama, mabega yamemshuka. Nikamwambia awashe. Machozi hayaliwi.

Aliangusha mierezi kumi na mitatu kabla jua halijazama, na akarudi siku iliyofuata, na Jumamosi zote hadi theluji ilipoyeyuka. Hatukupata maiti nyingine zaidi ya mbili.

Aprili, njia zilipokauka, alikuja kuulizia bunduki. Zote huwa zinakaa kwangu, kabatini mwa Urho, na yeye kila majira ya kuchipua huzipaka mafuta. Alilifungua kabati akakuta bunduki zimo ila hazina makomeo, kile chuma ambacho bila hicho bunduki ni fimbo ya kutembelea. Nilikuwa nimeyatoa nikayatia kwenye kopo la unga, juu ya rafu.

Nikamwambia Novemba hii hakuna risasi kwenye ardhi yangu. Kinamasi kimepoteza kumi na mmoja, bila kuhesabu waliokuwa tumboni. Kitapumzika mwaka mzima. Na asiende kukaa kwenye dungu la mtu mwingine pia. Verna aliposikia alikuja mwenyewe, akasema kwa heshima safari hii kwamba ninamwaibisha mumewe, kwamba watu mjini watauliza, na nyama ya baridi je? Nikamjibu watu wa mjini wamwulize panya. Nyama tutanunua ya ng'ombe, ikitushinda tutakula samaki. Akasema, "Lakini Mama, wewe unaipenda nyama ya kulungu kuliko sisi sote."

Ni kweli. Nikalishusha kopo, nikalifungua, nikamwonyesha makomeo. Yalikuwa matatu. La Reino, la Urho, na la kwangu.

Basi hiyo ndiyo Novemba tuliyoitengeneza. Kiangazi kizima nilidhani Reino atanuna. Hakununa, na hakuomba msamaha tena, alikwisha kuomba vya kutosha na mimi nilikwisha kukataa vya kutosha. Ila asubuhi moja ya Septemba nilisikia nyundo kule kilimani. Nikapanda polepole. Alikuwa kwenye dungu la baba yake, ameng'oa ngazi iliyooza, anapigilia mpya. Chini alikuwa amepanda miche ya mwerezi, michanga, kila mmoja amezungushia wavu usiliwe kabla ya wakati.

Nikamuuliza anatengeneza ya nini wakati hakuna anayewinda.

"Ya mwaka wa baadaye, Mama," akasema, misumari mdomoni. "Na miche ni ya baada yangu."

Nikamwachia chupa ya kahawa kwenye kisiki. Mkate wa iliki sikumpelekea. Ulikuwepo, umetoka jikoni asubuhi ile, lakini bado nilikuwa na hasira.