Mto wa Kushoto

Kama hujawahi kuangalia tamthilia ukiwa umekaa na fundi makochi, mshukuru Mungu wako na uendelee hivyo hivyo. Utamu wote unakatika. Wewe unamlilia bibi harusi aliyeachwa mlangoni, mwenzako anakuuliza kama umeona sponji ya kile kiti ilivyobonyea. Mzee Springi ndivyo alivyokuwa, na mtaa mzima ulijua. Jina hilo lilitokana na springi za makochi aliyoyatengeneza, ingawa wapo walioapa kwamba ni kwa jinsi alivyokuwa akiruka kila akiona kitu kibaya kwenye televisheni.

Alikuwa na tamthilia zake tatu, na kila moja alikwisha itolea hukumu. Ya kwanza ni ile ya matajiri, iliyotoka nje ikatiwa sauti za Kiswahili. Hiyo aliipenda kwa hasira. "Miaka mitatu hii," alikuwa akisema, "watu wanalia juu ya kochi lile lile la ngozi, wanapigana hapo, wanamwaga chai hapo, na halina hata mkunjo! Ngozi gani hiyo? Ya kifaru?" Ya pili ni ya hospitali. Hiyo aliiheshimu, kwa sababu mabenchi ya wagonjwa yalikuwa magumu kweli kweli, na mtu akikaa ulimwona anatafuta upande wa kuegemea. Nani anapendana na daktari gani, hakujua na hakutaka kujua.

Ya tatu ilikuwa haijaonyeshwa hata dakika moja, nayo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Nyumba nzima ya tamthilia hiyo, makochi, meza, mapazia mpaka kapeti, ilikuwa mikononi mwa binti yake.

Sasa hapo ndipo ungemwonea huruma mteja. Umeleta kiti chako kimoja chenye mguu mbovu, unataka kujua kitakuwa tayari lini, na fundi anakusimulia habari ya binti. Jinsi alivyokulia humu karakanani katikati ya vipande vya vitambaa. Jinsi alivyoondoka kwenda kwenye mambo ya televisheni, na kinyozi wa duka la pili akasema mwacha asili ni mtumwa. Jinsi alivyobeba viti vya watu miaka minne, anapanga, anapangua, anafokewa. "Na leo," Mzee Springi anamalizia, amekwisha sahau kiti chako, "leo yeye ndiye anayesema kochi likae wapi. Mkubwa wa samani zote! Haya, niambie, nani mtumwa?" Kinyozi, akisikia kupitia ukutani, alikuwa anawasha mashine yake ya kunyolea ili asijibu.

Jambo moja lazima ulijue kuhusu baba huyu na binti yake. Kwa mambo mengine walidanganyana kama familia nyingine yoyote: nimekula, sijambo, niko njiani. Kwenye kochi hawakudanganyana. Tangu binti ana miaka tisa, akishona kitu kibaya aliambiwa ni kibaya, akishona kizuri aliambiwa ni kizuri, basi. Mara nyingi alilia. Mama yake alikuwa akinung'unika kwamba mtoto hubembelezwa, na mzee alijibu kwamba kochi halibembelezi mtu, likiwa bovu litakuangusha mbele ya wageni.

Siku ya sehemu ya kwanza ilifika. Saa moja kasoro jioni, Mzee Springi ameoga, amevaa shati la kutokea, amekaa mbele ya televisheni kama anayesubiri kuitwa jina. Mkewe alikuwa pembeni yake. Kinyozi naye alikuja bila kualikwa, akidai televisheni yake inakwaruza.

Tamthilia ikaanza. Geti likafunguka, gari likaingia, mama mwenye nyumba akashuka na miwani yake ya jua, akapita ukumbini, akafungua mlango wa sebule. Lo! Sebule ilikuwa sebule. Mapazia marefu yenye marinda, meza ya kioo, na katikati kochi la watu watatu la mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva, limekaa kwa adabu zake zote.

"Mtoto ameua!" kinyozi akapiga makofi.

Mzee Springi alisogeza kiti karibu na kioo. Kifua kilimjaa. Alikuwa akivuta pumzi ya kusema neno kubwa, na hapo hapo mama mwenye nyumba akasogea, taa ikamwagika juu ya kochi, na fundi akauona mto wa kushoto.

Mito ya kukalia ilikuwa mitatu. Wa kulia na wa katikati iling'aa sawasawa. Wa kushoto ulikuwa na kiza, kama umelowa maji. Wewe na mimi tungesema ni kivuli. Fundi hawezi kusema hivyo. Mahameli ina malaika, vile vinywele vidogo vilivyolala upande mmoja, na ukikata kitambaa lazima vyote vilale kuelekea chini. Mtu akigeuza kipande kimoja juu chini ili kuokoa kitambaa, mchana wa kawaida huoni kitu, lakini kikipigwa taa kinakataa kufanana na wenzake. Ni kosa ambalo mwanafunzi analifanya mara moja tu, halafu halirudii.

Kila mama mwenye nyumba alipoinuka, Mzee Springi aliomba arudi akalie mto ule, aufunike kwa nguo yake. Hakurudi. Alikwenda akasimama dirishani na kulia, pengine vizuri sana, Mzee Springi hakuona.

Ukafika mwisho, majina yakaanza kupanda. Wa taa, wa sauti, wa mavazi, kisha *Samani na mapambo*, na jina la binti yake, na nyuma ya jina la binti, herufi kwa herufi, jina lake yeye fundi makochi. Mkewe akapiga kigelegele. Kinyozi akasimama akampa mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, hongera. Nakula maneno yangu."

"Ahsante," akasema Mzee Springi, na sauti ilikuwa ndogo hata kinyozi akamwangalia mara mbili.

Simu ikalia.

"Baba, shikamoo. Umeangalia?"

"Marahaba, mama. Nimeangalia."

"Umeonaje?"

Miaka minne ya kubebeshwa viti. Jina kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Nani, baba gani mwenye moyo, angefungua mdomo jioni kama ile akaanza kutaja mto?

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, mwanangu. Kila kitu."

"Hata kochi?"

"Hata kochi. Hata mapazia. Yaani hongera."

"Haya, Baba. Ahsante kwa kuangalia," binti akasema, kwa ile sauti ambayo mtu humtumia mteja asiyetarajia kumwona tena. Akakata.

Kinyozi, mtu wa kunusa mambo, akakumbuka kwamba amefunga duka vibaya, akaaga. Mke wa Mzee Springi alibaki akimtazama mumewe.

"Umemdanganya mtoto."

"Nani kasema?"

"Umesifu mapazia. Toka lini wewe ukaangalia mapazia?"

Alitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Akasema lile alilokuwa analiogopa. "Mama watoto, kuna mto umegeuzwa. Ningemwambiaje leo?"

"Mimi nilikuwa wa kwanza kukuambia umbembeleze, alipokuwa mdogo," mkewe akasema. "Ukakataa. Sasa ni mtu mzima, ndiyo unaanza? Anaelewa nini pale alipo? Kwamba kwako siyo fundi tena, ni mtoto tu anayechezacheza kwenye televisheni."

Neno hilo lilimchoma pale pale lilipotakiwa. Akachukua simu, akapiga. Ililia mpaka mwisho. Akapiga tena.

"Ndiyo, Baba."

"Mto wa kushoto umekatwa juu chini," akasema bila salamu. "Malaika yanapanda badala ya kushuka. Na aliyeukata ni mvivu, na aliyemwachia aukate alikuwa wapi? Mahameli ile! Unaiaibisha nguo ya watu!"

Upande wa pili kukasikika pumzi, kisha binti akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Baba! Kumbe umeuona!"

"Nimeuona? Ungeonekana hata angani!"

"Mimi nilikuwa nauona, nikajiambia ni macho yangu. Nikamwuliza mwongozaji, akasema safi. Nikamwuliza mtu wa taa, safi. Nikasema basi, nitasubiri Baba aseme. Na wewe ukanivisha kilemba cha ukoka!" Alifuta kamasi. "Kitambaa kilitupungukia, nikawaachia vijana wakate, sikusimamia. Na kesho mchana tunapiga tukio kubwa, mama mwenye nyumba anafia juu ya kochi lile. Upande wa kushoto, Baba. Kamera itakaa juu ya mto ule dakika nzima."

"Saa ngapi mnafungua?"

"Saa moja asubuhi."

"Nitakuwa mlangoni."

Na kweli alikuwa mlangoni mwa studio saa kumi na mbili na nusu, na begi lake la vifaa. Binti alitoka kumpokea: suruali ya kazi, chaki nyuma ya sikio, karatasi mkononi. Ndani lilikuwa ghala tu, bati juu na waya chini, na ile sebule ya kifahari ilikuwa na kuta tatu za mbao nyembamba. Mzee alitamani kuzunguka akaone vizuri, lakini binti alikwisha fika kwenye kochi.

"Kitambaa kipya hakuna," akasema. "Roli lile limekwisha dukani, na roli lingine rangi haitalingana. Nitakata huku nyuma." Akagonga mgongo wa kochi, ule uliogeukia ukutani.

"Nyuma? Uliache kochi mgongo wazi?"

"Nitalivika kitambaa chochote. Kamera haifiki huku."

"Mimi sijawahi kutoa kochi lisilo na mgongo wake!"

"Wewe unatengeneza la kukaliwa, Baba. Mimi natengeneza la kuangaliwa. Hapa sebule ni yangu."

Alisema bila kupandisha sauti, huku tayari anang'oa pini. Vijana wawili waliopita na ngazi walimwuliza, "Fundi, taa ya pembeni iende wapi?" naye akawaonyesha kwa kidole bila kugeuka, na ikaenda. Fundi! Mzee Springi aligeuka kidogo jina hilo lilipoitwa, kwa mazoea, akakuta halikuwa lake.

Binti akapanga kipande, akakagua malaika mara mbili, akachora, akakata. Akampa baba yake ashone. Mzee aliketi kwenye cherehani ya studio na kuanza. Tatizo ni kwamba macho hayakutaka kukaa kwenye sindano. Yalikuwa yanamfuata yule mwenye chaki sikioni, anavyomwambia mtu wa taa asogee, anavyomkatalia mwongozaji chombo cha maua, tena kwa heshima, na mwongozaji anakubali. Mshono ukaenda, ukaisha. Akaingiza sponji, akafunga zipu, akauweka mto mahali pake, akarudi nyuma hatua mbili na kujipukuta mikono kama mtu aliyemaliza.

Binti akaja. Akainama, akaupitisha mkono juu ya mto, pole pole, kutoka nyuma kuja mbele, kisha pembeni. Mkono ukasimama kwenye kona.

"Baba," akasema. "Hapa umeruka. Umevuta. Fumua."

Mtu wa taa akaguna. Mmoja wa wale vijana wa ngazi akaangalia chini, kama anayetarajia mzee atafoka. Saa ilikuwa inakwenda saa nne, na mama mwenye nyumba alikwisha vaa gauni lake la kufia.

Mzee Springi akainama, akagusa ile kona. Kweli. Mishono mitatu imeruka, na kitambaa kimejivuta kwa unene wa kucha. Mtu mwingine asingeliona kosa hilo. Yeye mwenyewe, siku hiyo, hakuliona.

"Nipe dakika moja," akasema, akatoka nje haraka.

Alisimama nyuma ya ghala, kwenye majenereta, akampigia mkewe.

"Mama watoto! Amenikatalia!"

"Amekukatalia nini? Mmegombana?"

"Mshono! Mimi! Miaka thelathini na nne ya cherehani, mbele ya watu wote, ananiambia fumua!"

"Na ulikuwa mbaya?"

"Mbaya sana!"

"Baba watoto," mkewe akasema, "mbona sikuelewi? Unalia au unacheka?"

Mlango wa ghala ukafunguka, binti akachungulia na mkasi mdogo wa kufumulia mkononi.

"Baadaye," Mzee Springi akamwambia mkewe, akijifuta uso kwa kiwiko. "Naitwa na bosi."