Nyasi Zilizohamia Chumbani kwa Anastazia

Jumatatu asubuhi Anastazia alipoinama kutafuta kandambili zake mvunguni, alikuta nyasi zimeota hadi usawa wa godoro. Haukuwa ukoka wa kubahatisha. Zilikuwa zile nyasi ndefu za mlimani, ambazo kijijini pale, njia ya kwenda Butiama, hazijaonekana tangu binti yao Lucy aolewe. Alizisogeza kwa mkono, akapata kandambili moja, akaenda kuchemsha uji.

"Baba Nyangi," alimwambia mumewe, mzee Mugeta, "nyasi za mlimani zimehamia chumbani."

"Upande wako au wangu?"

"Pande zote."

"Basi zisinyimwe maji," alisema mzee, akapuliza uji wake.

Ukiuona mlima wenyewe, huwezi kuzilaumu. Mzee Mugeta alikuwa na binti sita. Watano walishaolewa, kila mmoja mahari yake ilikuja ikitembea kwa miguu minne, na ng'ombe wakazaa ng'ombe. Nyasi zilipokwisha walichimbua mizizi. Mizizi ilipokwisha wakala miche ya migunga ingali na majani mawili. Yakabaki mawe, udongo mwekundu na ndulele, ambazo hata mbuzi mwenye njaa huzipita akitazama pembeni. Mvua ikinyesha, maji hayakuwa na cha kuyashika. Yalishuka na udongo mpaka barabarani.

Kuuza hakukuwezekana. Mzee aliamini kwamba akiuza hata ng'ombe mmoja wa Nyangi, binti yake mkubwa, ndoa ya Nyangi kule Nyasura, Bunda, itayumba kama meza iliyokatwa mguu. Na Nyangi mwenyewe alipigaga simu kila Jumapili kuuliza ng'ombe wake wanaendeleaje. Mzee huibandika simu kwenye sikio la mmoja wao, wazungumze wenyewe.

Jumanne waliingia kware, wawili wawili, kwa mlango wa mbele. Jumatano sungura na panzi. Alhamisi asubuhi aliingia taya, yule swala mdogo anayejificha kwa kulala ndani ya nyasi ndefu, na ambaye tangu mwaka juzi mlimani hakuwa na pa kulala. Alikuwa na mimba kubwa. Alikitazama chumba, akachagua upande wa Anastazia. Anastazia akasogea.

Mchana alikuja Samweli, mwenyekiti wa kitongoji, na daftari lake la wakazi. Alivua viatu mlangoni.

"Hawa wageni watakaa siku ngapi, mama?"

"Mlima usipoota wataenda wapi?"

Samweli akaandika kwamba ni wa kudumu. Kisha akamgeukia mzee. "Mzee Mugeta, mifugo umeijaza nje, pori umelijaza ndani. Mke unamlazaga wapi?"

"Katikati," alisema mzee.

Shida ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo wangeletwa ng'ombe thelathini wa Jeska, kitinda mimba, na hawa waliokuwepo tayari walikuwa wanausukuma mlango kwa pua.

"Baba Nyangi, sijakuombaga kitu kikubwa," alisema Anastazia jioni ile. Alikuwa amekaa sakafuni, mkono juu ya tumbo la taya. "Huyu atajifungua wiki hii. Wakivunja mlango hana kwingine. Nyasi ndizo hizi, hakuna zingine. Wapunguze kabla wenzao hawajaja."

Mzee alimtazama. Alikuwa amekaa vilevile kama siku ile ya kwanza alipomwona kwao Nyegina, miguu ameikunja upande mmoja, hana haraka.

"Sawa," alisema. "Nitaanza na mmoja."

Ijumaa alfajiri alipakia dume moja la Nyangi kwenye Fuso, wakaenda mnadani Bunda. Mnunuzi alilishika nundu, akataja bei nzuri tu.

"Utalifanyia nini?" mzee akauliza.

"Nitalichinja, mzee. Ulidhani nitalipeleka shule?"

Mzee akaomba radhi, akalisindikiza dume mpaka Nyasura kumsalimia Nyangi. Nyangi alimpa baba yake chai na dume pumba, akalia kidogo kwa furaha, akawalipia wote wawili nauli ya kurudi.

Anastazia aliwaona wakishuka. "Hata mmoja amekushinda?"

"Mama Nyangi, lilikuwa linanitazama."

"Na taya? Yeye hana macho?"

Mzee alitafuta misumari, akaongeza komeo la pili mlangoni.

Jumamosi saa nne ng'ombe wa Jeska walifika, thelathini kamili, wanono, maana walikotoka nyasi zilikuwa hazijaisha. Wazee walisifu pembe. Vigelegele vikapigwa. Jeska aliingia chumbani kuaga, akamkuta mama yake amepiga magoti, mikono imelowa, kichwa cha mtoto wa taya kimeshatoka.

"Mama, wananisubiri."

"Nenda, mwanangu. Ukizaa wasichana, mahari yao ombeni cherehani."

Jeska akacheka, akamfuta mama yake jasho kwa ncha ya kitenge, akaenda kuolewa.

Saa kumi wageni walikuwa wametawanyika. Mzee aliingia kwa kujibana, akafunga makomeo yote mawili, akaketi taratibu asije akakalia kware. Mtoto wa taya alishasimama, miguu inatetemeka, ananyonya. Mzee alimwangalia mpaka machozi yakamlengalenga.

"Kesho nitawapeleka ng'ombe mnadani," alisema.

"Kesho ni Jumapili, Baba Nyangi."

"Basi Jumatatu."

"Haya."

Anastazia alimvua viatu, akaviweka juu ya kabati ambako nyasi hazijafika, akamwegemeza begani kwake. Nje, ng'ombe wa zamani na wapya walikuwa wamekwisha kuizunguka nyumba, wamesimama ubavu kwa ubavu. Pumzi zao ziliingia chini ya mlango, zikazilaza nyasi za mbele. Nyasi zikainuka. Zikalazwa tena.